Siku kompyuta mbili za DOS zilisalimiana pale Migori, na jina la Mama Akinyi likaingia kitabuni

Wakuu, pokeeni salamu kutoka huku kwetu karibu na mpaka.

Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimya kimya kwa muda. Jana mdau mmoja aliuliza kama kompyuta za DOS zinaweza kuunganishwa na software za bure, mkamcheka, mkamwambia akawauzie watu wa vyuma kuukuu. Nikasema hapana, leo lazima niandike. Haya yote niliyafanya kwa mikono hii miwili, na mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Mimina chai kwanza. Ni ndefu kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwisho mwisho. Nilikuwa nimeacha shule Form Two, karo iligoma. Nikapata kazi kwa Madam Perez, aliyekuwa na bureau ya typing hapo Migori mjini. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kuzungusha cyclostyle, ile mashine ya kutoa nakala kwa stencil na wino.

Kompyuta zilipokuja, mimi ndiye niliziogopa kidogo kuliko wengine. Basi nikawa mtu wa kompyuta. Cheti hakuna, mpaka leo.

Mashine zilikuwa mbili. Ya mbele ilikuwa pale wateja wanakaa kwenye benchi. Ya nyuma ilikuwa chumba cha ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa na printa ya dot matrix. Unatoa ribbon ya wino, unaweka stencil, sindano za printa zinaitoboa herufi kwa herufi, halafu unaenda kuizungusha kwenye cyclostyle.

Najua kuna mtu tayari anataka kuuliza, si ungehamisha printa mbele? Radi, mkuu. Radi ya huku kwetu haina mchezo. Ilikuwa imepita kwa waya wa stima ikachoma port zote za mashine ya mbele, ya printa na za serial. Kilichobaki hai kwenye kadi yenye hizo port ni sehemu ya floppy tu. Kwa hivyo kila kazi ilikuwa hivi: Madam anapiga chapa mbele, mimi natoa diski, natembea hatua tisa, naingiza nyuma.

Sasa, kazi iliyotulisha zaidi ilikuwa vijitabu vya mazishi.

Kwa wasiojua Luo Nyanza, kijitabu cha mazishi si karatasi ya nyimbo. Hapo ndipo familia inaandikwa. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, nyumba ya tatu, kila mke na watoto wake kwa mpangilio, na nani ataweka maua baada ya nani. Jina lako likikosa, siku ya mazishi watu wanakuangalia kama mpita njia. Na miaka kumi baadaye kwenye kikao cha shamba, mtu atakitoa sandukuni akuulize, "Hebu tuonyeshe uko wapi hapa."

Naijua hiyo vizuri. Babangu alipokufa, mamangu hakuandikwa. Nitarudi hapo.

Kabla ya mambo haya, Madam alikuwa amenituma Homa Bay. Kulikuwa na ofisi ya mradi fulani karibu na ziwa inafungwa, wanapeana keyboard na takataka zingine. Fundi wao alikuwa jamaa wa Mombasa anaitwa Rashid, kofia kichwani, mpole, Kiswahili chake kama kimepigwa pasi. Mimi na Kiswahili changu cha sokoni nilikuwa naona haya kufungua mdomo.

Akaniona naangalia kadi mbili kwenye boksi.

"Hizo ni kadi za network. Chukua. Chukua na hizi T zake za kuunganishia. Na hii." Akanipa diski. Juu yake ameandika kwa biro: BURE.

"Bure namna gani?"

"Bure kabisa. Kuna watu waliandika hizi software wakawaachia walimwengu. Hii ni packet driver, kazi yake kuongea na kadi. Juu yake unaweka hii ya telnet, ya kuingilia mashine nyingine, na ndani yake mna ftp ya kuhamisha faili. Ukishaelewa, mpe na mwenzako. Ndiyo shukrani yao hiyo."

"Na hao watu wanakula nini?"

Rashid alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mdogo wangu, hilo swali hata mimi ninalo."

Wakuu, mimi niliota na ile diski. Nilikuwa naona Migori yote imeunganishwa, hospitali, shule, posta, na mimi katikati na waya begani. Tuendelee.

Ndani ya diski kulikuwa na packet driver za kadi za kila aina, moja moja. Kulikuwa na hiyo telnet yenye ftp, na ping ndogo ya kuuliza mashine nyingine kama iko. Kulikuwa na ya kuchati, unaandika huku inatokea kule. Na kulikuwa na moja ya kushare diski nzima, lakini hiyo ilikula memory mpaka word processor ikakataa kufunguka. Tulikuwa na 640K, wakuu. Picha moja ya simu yako haingii hapo.

Nikachomeka kadi, nikaziweka hizo software kwenye mashine zote mbili. Nikanunua waya wa antena ya TV, nikaupitisha juu ya mlango. Packet driver ikaload, ikaniandikia namba ya kadi, nikaruka.

Nikapiga ping. Kimya.

Wiki mbili nilijaribu. Kimya. Wateja wakawa wanagonga vichwa kwenye waya. Madam akasema, "Ja-komputa," yaani mtu wa kompyuta, "waya wako unaning'inia kama wa kuanika nguo. Toa." Nikaukunja, nikautundika msumarini.

Sasa ndio tunafika Ijumaa yenyewe.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Uriri amefariki, anazikwa Jumamosi. Alikuwa na wake watatu. Jumanne, kijana wake mkubwa wa nyumba ya kwanza, Mwalimu Odongo, alileta maandishi ya kijitabu. Yalikuwa na nyumba mbili. Tukapiga chapa, nikahamisha kwa diski, ikakaa kwenye mashine ya nyuma ikingoja.

Alhamisi ukoo ukakaa. Wazee wakasema huyo mke wa tatu mzee alimjengea nyumba, kila mtu aliona, kwa hivyo aandikwe, yeye na watoto wake. Ijumaa asubuhi katibu wa familia akaja na marekebisho karibu kila ukurasa, kwa sababu mpangilio wote ulibadilika. Madam akayapiga kwenye mashine ya mbele. Katibu akasoma kwenye screen, akaridhika, akaondoka na karatasi zake kwenda kushughulikia mahema.

Na huyo mke wa tatu alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mama Akinyi, mzaliwa wa Sori, anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuja tu kuona kwa macho.

Saa saba na nusu nikaingiza diski nihamishe ile kazi mpya.

Kr-kr-kr. General failure.

Nikabadilisha diski. Nikasafisha drive kwa spirit na pamba. Nikabadilisha drive yenyewe na ya nyuma. Wapi. Haikuwa drive. Ile kadi iliyopigwa na radi, kipande chake cha mwisho kilikuwa kimeaga dunia.

Kwa hivyo picha iko hivi. Kijitabu chenye Mama Akinyi kiko mbele, hakitoki. Kijitabu kisicho na Mama Akinyi kiko nyuma, kando ya printa. Gari la kwenda Uriri linaondoka saa kumi na moja.

Tulijaribu kuandika upya. Madam akakaa nyuma, mimi mbele nikimsomea kwa sauti kubwa. Ukurasa wa kwanza tu ulichukua nusu saa, na alikuwa tayari amemtanguliza mtoto wa pili kabla ya wa kwanza. Kurasa zilikuwa kumi na mbili.

Mwalimu Odongo akaingia. Suti nyeusi, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akaelezwa.

"Basi toeni ile ya Jumanne. Si iko?"

"Iko," Madam akasema, "lakini haina..."

"Najua haina. Saa haitungoji, Madam. Watu mia moja na hamsini wanataka kitu cha kushika mkononi kesho." Akamgeukia mama. "Mama, usichukulie vibaya. Sisi wote ni boma moja. Jina la mzee linatosha kutufunika sisi wote."

Mama Akinyi akabaki anaangalia sakafu. Mimi nikamwona mamangu, wakuu. Vile vile, leso vile vile, mikono vile vile.

Nikasema, "Mwalimu, nipe mpaka saa tisa na nusu."

"Ufanye nini?"

Nikaonyesha waya kwenye msumari. Madam akashika kichwa.

Kwenye hard disk kulikuwa na faili la maelezo ya zile software, refu kama sheria za nchi, Kiingereza kitupu. Zile wiki mbili nilikuwa nasoma mwanzo, naruka. Safari hii nilisoma kila mstari na kidole kwenye screen. Na hapo, mahali nilidhani ni mambo ya maofisi makubwa ya Nairobi, imeandikwa kwamba kila mwisho wa waya lazima uzibwe na resistor ya ohm hamsini.

Nikatoka mbio kwa jirani yetu Ochuka, fundi wa redio.

"Ochuka, nipe resistor mbili za hamsini, za kuziba waya."

"Omera, ndugu yangu, waya unazibwa tangu lini? Kuna kitu kinamwagika?"

"Ishara ikifika mwisho inarudi kama mwangwi, inagongana na nyingine. Resistor inaimeza."

"Kumbe. Hamsini sina. Nina za mia." Akafikiria kidogo. "Lakini mbili za mia ukiziweka bega kwa bega ni hamsini."

Huyo mtu hakumaliza darasa la saba, wakuu. Akachomoa resistor nne kwenye redio ya mtu, zenye mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia. "Mwenyewe akiuliza redio yake, iko theatre." Akaja na soldering iron yake, akachomelea mbili kila upande kwenye zile T. Saa nane na dakika arobaini waya ulikuwa juu ya mlango tena.

Nikawasha mashine zote mbili. Nikapiga ping.

Kimya.

Nikapiga tena. Kimya. Nikaangalia jumper za kadi, nikaangalia namba za interrupt kwenye AUTOEXEC, zote sawa. Jasho. Ochuka akasema polepole, "Labda hazijatambulishwa." Sikucheka.

Mwalimu Odongo akaangalia saa yake. "Kijana, umejaribu, Mungu ameona. Madam, weka stencil."

Hapo ndipo Mama Akinyi akafungua mdomo. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Mwalimu. Umesema boma ni moja. Ni kweli, ni moja. Lakini mimi nina mlango wangu. Mtu akibisha kwangu, ni mimi natoka. Kama sisi wote tungekuwa na mlango mmoja, mzee alipokuwa anaita, nani angeitika?"

Na mimi nikasimama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Wakuu, nisikilizeni, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Ile software ilipokuwa inawekwa iliniuliza address ya mashine. Sasa mimi address niliyoijua maishani mwangu ni sanduku la posta. Shule yetu, walimu, wanafunzi, kanisa na duka la karibu, sote tulitumia sanduku moja. Barua inafika, mtu anaita majina. Kwa hivyo mashine mbili za nyumba moja, bureau moja, nilizipa namba moja. Ile ile, bila kubadilisha hata tarakimu. Nilidhani nikizipa tofauti ndio zitapotezana!

Yaani moja ikibisha, ilikuwa inabisha mlango wake yenyewe.

Nikakimbia nyuma. Nikafungua faili la config kwa EDIT. Namba za kwanza nikaziacha kama zilivyo, hizo ndizo boma. Ya mwisho nikaibadilisha. Mashine ya mbele ikabaki moja, ya nyuma ikawa mbili. Kila nyumba na mlango wake.

Nikaizima, nikaiwasha. Ile memory test ilihesabu polepole kana kwamba inanichukia. Nikarudi mbele, nikapiga ping.

Mstari mmoja ukatokea. Imejibiwa.

Halafu wa pili. Halafu wa tatu, wa nne.

"Imeitika!" Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la ng'ambo wakatoka. "Imeitika, imeitika!"

"Nani ameitika?" Mwalimu akauliza.

"Nyumba ya pili!"

Nikawasha ftp upande wa nyuma, nikarudi mbele, nikaandika put na jina la faili. Nilikuwa nimejipanga kungoja kama vile tunangoja diski ikikwaruza. Nikabonyeza Enter, nikavuta pumzi, na kabla sijaitoa ikasema imemaliza.

Madam hakuamini. "Kurasa kumi na mbili? Hapana. Imeenda wapi?" Akatembea zile hatua tisa mwenyewe. Nikasikia keyboard ya nyuma, halafu sauti yake: "Wuololo! Iko hapa! Iko hapa yote!"

Ochuka akamgeukia Mwalimu, soldering iron bado mkononi. "Mwalimu, hii si ya kufundishwa shuleni kwenu?"

Saa tisa na robo. Nikatoa ribbon, nikaweka stencil ya kwanza. Printa ikaanza kulia, na mimi nilikuwa naisikia kama kwaya ya Jumapili.

Na sasa nitawaambia kitu kuhusu Mwalimu Odongo, msije mkamchukia bure. Alikuwa amefiwa na babake, amechoka, ameachiwa mzigo wote. Alipoona stencil zinatoka alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashika mkono wa cyclostyle. "Nimezungusha hizi za mitihani miaka yote," akasema, "leo nitazungusha ya mzee wangu." Akazungusha zote. Wino mpaka kwenye tai.

Mama Akinyi akawa anapanga kurasa kwenye benchi, Madam anapiga stapler. Ilipofika zamu ya ukurasa wa nne, aliinua nakala moja, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaweka kidole.

Mwalimu akasimamisha mashine. Akaenda akasimama kando yake. "Tumekuandika vizuri, mama?"

"Mmeniandika vizuri."

Gari lilifika saa kumi na moja kasoro, likakuta boksi limeshafungwa kamba. Kabla hajapanda, Mama Akinyi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ero kamano, nyathina." Asante, mwanangu. Wiki iliyofuata alituma omena ya Sori, gunia dogo zima. Ochuka alidai nusu, kwa sababu ya resistor.

Madam hakuniambia nitoe waya tena. Aliutafutia misumari mizuri akaupigilia ukutani mwenyewe, na kila mteja akiingia alikuwa anamwonyesha: "Unaona hiyo? Hiyo ni network."

Nilisema nitarudi kwa mamangu.

Jumatatu nilimwomba Madam stencil. Kijitabu cha baba nilikuwa nacho, kimekunjika. Nilikaa mashine ya mbele nikakiandika chote upya kwa vidole viwili, vile kilivyokuwa, ila nikaongeza nyumba iliyokosa. Nikakituma nyuma kwa ftp. Nikatoa nakala moja tu.

Mamangu hajui kusoma. Nilipompa alikigeuza geuza, akaniuliza, "Mimi niko wapi hapa?"

Nikashika kidole chake, nikakiweka.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kitu cha bure usikidharau kwa sababu ni cha bure. Kuna mtu mahali, simjui na hanijui, alikaa akaandika packet driver akaiachia walimwengu, na jina la mama wa Sori likaingia kitabuni. Soma maelezo mpaka mwisho, hata kama Kiingereza kinakutoa jasho. Na kila mashine ipewe mlango wake.

Yule mdau wa jana, usitupe hizo mashine. Niambie kadi zako ni aina gani na waya wako ni upi, tutaanzia hapo. Wengine wenye visa vya DOS leteni, na kama kuna mwingine aliyewahi kuzipa mashine mbili namba moja ajitokeze, nimebeba hii aibu peke yangu muda mrefu sana.

Diski ya Rashid bado ninayo. Anayetaka nakala aseme. Bei mnaijua, imeandikwa juu yake kwa biro.